Wanaharamu wa Mashine ya Bi Zuwena

Anayekusimulia haya ni Pandu, lakini usiniulize Pandu yupi. Jina hili kabla yangu lilikuwa la mjomba wangu, fundi cherehani, aliyefariki juma lile lile nililozaliwa. Walininong'oneza sikioni jina lake nikiwa sijafumbua hata macho, nami nikampokea mzima mzima: kikohozi chake, uchu wake wa kahawa chungu, hata tabia yake ya kufumba jicho moja anapopima kitu. Sijawahi kushika sindano maishani mwangu, lakini nikimwona mtu kavaa suruali iliyopinda mshono nakosa raha mpaka jioni. Huyo ni yeye, si mimi. Basi ukikuta humu sentensi iliyonyooka, mshukuru mjomba. Zilizopinda ni zangu, na nazipenda hivyo hivyo.

Ndivyo mji wetu ulivyo. Kila jina lina watu wawili, anayelitoa na anayelipokea, na hao wawili wanaitana somo. Mtoaji humnong'oneza mpokeaji sikioni, na kama mtoaji amekwisha kufa, Mtunza Majina hunong'ona kwa niaba yake. Toka hapo mpokeaji hubeba ya mwenziwe, matamu na machungu. Kwa hiyo humpati mtu kwetu aliye peke yake ndani ya ngozi yake. Ukisalimiana na mmoja umesalimiana na wawili, na wa pili naye ana wake aliyempokea, na huyo ana wake, mpaka unafika mahali pa giza ambapo hakuna anayekumbuka. Mie nimekuwa nikijiuliza tangu utoto: yule wa kwanza kabisa, ambaye hakumpokea mtu yeyote, alicheka vipi? Nani alimwachia kicheko? Au alikaa kimya tu, akingoja ajue anachokipenda? Nikimuuliza mama, ananiambia nile ninyamaze.

Siku nazo mjini kwetu haziji kwa foleni. Ijumaa ikinogewa hurudi tena kesho yake. Jumatatu ikiona haya hupita uchochoroni, tusiione kwa muda mrefu. Ndiyo maana siwezi kukwambia bendi yetu iliishi kiasi gani. Vuai, mpiga gitaa wetu, anasema ilikuwa alasiri moja tu, ila ndefu. Bi Zuwena, aliyetupa mahali pa kupigia, anasema alituvumilia miaka na miaka. Mie naona wote wawili wanasema kweli, na sina haja ya kuwapatanisha.

Tulikuwa watatu. Mie nilipiga besi. Vuai alipiga gitaa, na ole wako ukae karibu na spika yake, maana alikuwa analikwaruza mpaka meno yanakufa ganzi. Lakini somo yake Vuai alikuwa mwalimu mpole aliyeishi kwa kuomba radhi, basi kila wimbo ukiisha, Vuai huyu huyu aliyekuwa anabomoa dunia anainama na kusema, "Samahanini jamani, tumewasumbua." Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu. Wa tatu alikuwa Mapengo, msichana mpiga ngoma. Ngoma zake zilikuwa madebe, sufuria zilizotoboka, na pipa moja alilolifunika ngozi ya mbuzi. Mapigo yake yalikuwa yanachelewa kidogo, kama mtu anayefika mlangoni halafu anasita kubisha. Sijapata kuyasikia kwa mtu mwingine, na nitakwambia kwa nini.

Mapengo hakuwa na somo. Mama yake aliingia mjini na mimba, hana mume wala jamaa wa kumtaja, akajifungua, akafa kabla hajainamia sikio la mwanawe. Watu wa mji walimlea kwa zamu, hawakumnyima uji, lakini jina hakuna aliyemnong'oneza. Nani ampe jina lake mtoto asiyejulikana baba? Mapengo lilikuwa jina la meno yake tu, utani wa watoto wenzake. Basi ndani ya ngozi yake alikaa yeye peke yake. Hakuwa na kikohozi cha mtu, hakuwa na uchu wa marehemu. Alipopiga ngoma alikuwa anapiga yeye, hakuna mkono wa zamani ndani ya mkono wake. Ukiwa umezoea kuishi na mjomba kifuani, kumsikiliza mtu wa namna hiyo kunakutia hofu, halafu kunakutia wivu, halafu unampenda. Mie nilipita njia hiyo yote kwa wimbo mmoja.

Tulipigia kwenye mashine ya kusaga ya Bi Zuwena. Mjini kwetu kelele haitakiwi, maana ukipiga kelele watu hawawasikii waliomo ndani yao, na wanaanza kubabaika. Mahali pekee penye ruhusa ya kelele ni mashineni, kwa kuwa bila unga hakuna ugali. Pale injini ikinguruma husikii hata ukiitwa. Wasagaji wanazungumza kwa mikono: ngumi maana yake dona, kiganja wazi maana yake sembe, ukishika sikio maana yake zima mashine. Nasi tukazijifunza alama hizo, zikawa ndizo nota zetu. Vuai akinyoosha kiganja tunapiga laini, akikunja ngumi tunapiga na pumba zake. Watu wakija kusaga wanakaa juu ya magunia yao wanatutazama. Wengine walikuwa wanaleta mahindi kidogo kidogo ili wapate sababu ya kurudi.

Siku tuliyotafuta jina la bendi, Mapengo alikuwa anakaza waya kwenye debe, nasi tumeinamiana kichwa kwa kichwa ili tusikizane juu ya injini.

"Wanaharamu," alisema, hata kichwa hakuinua.

"Samahani?" Vuai akauliza.

"Umesikia. Bombani wananiita hivyo, sokoni wananiita hivyo. Hamna neno jingine mji huu uliwahi kunipa bure. Wewe Vuai unaniita nani?"

"Mapengo."

"Hilo ni la meno. Mimi mwenyewe je?"

Mie nikasema, "Lakini hilo ni tusi, Mapengo. Tutalitangazaje?"

"Tutalipigia kelele. Wananiita wakiwa wamekunja uso. Nataka waniite wakiwa wanacheza."

Bi Zuwena alikuwa anasogea na ungo wake, akalidaka neno lile midomoni mwetu. Akazima mashine pale pale, jambo ambalo halifanyi hata kwa msiba. Yeye ni mama mtu mzima, mnyoofu, na ndani yake alikuwamo bibi yake mzaa mama, Zuwena wa kwanza, aliyejulikana mji mzima kwa adabu na kwa kuimba wakati wa kupepeta.

"Nani katukana humu?" akauliza.

"Hakutukana mtu, mama," nikamjibu. "Ndilo jina la bendi."

"Toba! Ndani ya mashine yangu? Watu wanachukua unga hapa wakapikie watoto!"

"Basi tutaondoka," Mapengo akasema.

"Nani kakwambia uondoke? Nimesema jina baya, sikusema uondoke. Watoto wa siku hizi hamsikilizi. Pandu, sogeza spika hiyo isiingie vumbi. Na wewe Mapengo, umekula?"

"Nimekula, mama."

Alikuwa hajala. Bi Zuwena akawasha mashine, akakunja ngumi juu, na tukapiga.

Jina lile likauchoma mji. Kina mama wakawa wanawaziba watoto masikio kabla hata hatujaanza. Mwenye duka la pembeni alikataa katakata kulitamka, akawa anatuita "wale wenzenu wa kule", mpaka siku moja akajisahau akaimba wimbo wetu mbele ya wateja na kufunga duka kwa aibu. Mwenye harusi mmoja alitualika kwa sharti tujitambulishe kama Vijana wa Mashineni. Tulikwenda, tukala pilau, na Mapengo alipokifikia kipaza sauti akalitaja jina lile lile. Bibi harusi akacheka mpaka wanja ukamchuruzika. Mama mkwe ndiye aliyetufukuza, na sahani yangu nikaiacha na mnofu. Linaniuma mpaka leo, na sijui kama uchungu huo ni wangu au wa mjomba.

Nilikuwa sijui, wala Vuai hakujua, kwamba muda wote huo Mapengo alikuwa anapungua.

Alijua mwenyewe. Kwetu mtu asiye na somo hawezi kudumu. Utotoni anakaa kwa huruma za watu, lakini akishakuwa mtu mzima mji unaanza kumsahau huku yupo. Kwanza muuza chapati akamhesabia chapati zake mtu aliyesimama nyuma yake. Halafu mlango wa nyumba alimolala ukafungwa kwa ndani, wakidhani chumba hakina mtu. Mie niligundua kwa unga. Mashineni sote tunatoka weupe, nyusi nyeupe, kope nyeupe. Siku moja tumemaliza kupiga, namtazama, naona yu safi. Unga ulikuwa unamwangukia na kupita, umetua sakafuni chini yake.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Usinikazie macho hivyo, Pandu. Unanitisha."

"Tangu lini, wewe!"

"Tangu jina lilipoanza kuvuma. Au kabla. Siku zenyewe haziji kwa mpango, nitajuaje?"

Nikamshika mkono. Ulikuwepo, lakini mwepesi mno, na nikahisi nikikaza nitashika vidole vyangu mwenyewe. Nikaogopa kiasi kwamba mjomba kifuani akaanza kukohoa. Sikutaka mtu huyu aondoke. Niseme wazi, maana nikizunguka hapa nitakuwa nakudanganya: dunia yenye watu wawili wawili ilikuwa imenichosha, na yeye ndiye mmoja pekee niliyemjua.

Hapo mie na Vuai tukafanya kosa. Tulikwenda kwa Mtunza Majina bila kumwambia. Anaitwa Bwana Hamdu, mtu mwema mwenye kuchoka, anayekuja mashineni kutusikiliza na pamba masikioni, kisha anaitoa pamba akidhani hatumwoni. Tulipomweleza, akasikitika kweli kweli.

"Msichana yule? Hapana, hapana, hawezi kupotea vile. Nina jina zuri limebaki bila mpokeaji. Mwanaheri. Mama wa watu alikuwa mtaratibu, akifuma vitambaa, hana neno na mtu. Ijumaa ikija nitakuja mashineni nimnong'oneze mbele ya watu. Na bendi yenu itaitwa Wanaheri, mji utapumua."

Vuai akashukuru mpaka akainama. Nami nikashukuru. Tulirudi tunakimbia, tunaona tumemwokoa mtu. Tukamkuta anafagia pumba, fagio linayumba mkononi mwake, tukamwambia kwa pamoja kwa furaha, tukidakizana.

Hakuipokea furaha yetu. Aliegemeza fagio ukutani.

"Mama huyo alipenda nini?" akauliza.

"Vitambaa," Vuai akasema. "Samahani."

"Na kelele?"

Vuai akaanza kukung'uta unga shatini.

"Nikishampokea, mikono hii itataka kufuma. Nitasikia ngoma nitaona kichwa kinaniuma. Nitakuwepo, ndiyo, nitakuwa mweupe kwa unga kama nyinyi. Lakini atakayekuwepo ni nani? Mmeniuliza?"

"Afadhali uwepo!" nikamkaripia. Nilikuwa na hasira, nami nikiwa na hasira sauti inakuwa ya mjomba. "Uwepo hata ukifuma! Tutakuona, tutakula na wewe. Ukipotea tutafanya nini, tupige na nani?"

"Mtapiga na kumbukumbu."

"Hatutakukumbuka, Mapengo! Ndivyo inavyokuwa! Wasio na somo hawakumbukwi, unajua!"

Akatoka. Alipita kwa mlango, lakini nina hakika angeweza kupita ukutani.

Nilikaa juu ya gunia nikiwaza hadi mawazo yakaanza kujirudia. Uhai ni nini, kama unaweza kuwepo bila wewe mwenyewe kuwamo? Mie mwenyewe nipo wapi? Nikitoa kahawa ya mjomba, nikitoa kikohozi chake na jicho lake la kupimia, kinachobaki ni besi, na besi nilijifunza kwa kumfuata Mapengo. Maana yake mie niliye mie kweli nilianzia kwake. Mji ulinipa mtu wa kunitangulia nikiwa kichanga, halafu nikajitafutia wa pili mashineni, na huyo wa pili ndiye sasa ananiponyoka. Nililia, bwana. Nililia pale juu ya gunia la watu, na mwenye gunia akaja akanisogeza taratibu akalichukua.

Bi Zuwena alikuwa ameona yote. Alimfuata msichana nje, nami nikawasikia dirishani, kwa kuwa injini ilikuwa imepoa.

"Chukua langu," Bi Zuwena akamwambia. "Sikuzaa, sina niliyemwekea. Zuwena ni jina la heshima."

"Ahsante, mama. Siwezi."

"Kwa nini, mwanangu? Nina ubaya gani?"

"Huna ubaya. Ila nitakupokea wewe mzima, na bibi yako mzima, na wa nyuma yake. Sasa mie nitakaa wapi? Hapa ndani pana mtu, mama. Hana jina, lakini yupo. Nikiwaingiza nyinyi nyote, atatoka nje asimame peke yake."

Bi Zuwena akaifunga upya kanga yake. "Umekula?" akauliza mwishowe. Ndilo lililokuja.

Ijumaa ikafika, ikatuama mchana kweupe, jua limesimama juu ya bati halitaki kusogea. Watu walijaa mashineni, wenye mahindi na wasio na mahindi. Bwana Hamdu alikaa kwenye kiti mbele, joho limetapakaa unga. Tulikubaliana tupige wimbo mmoja kwanza. Vuai alikunja ngumi. Tukaanza, na pale pale nikajua mambo yameharibika: Mapengo alikuwa anapiga na madebe hayalii. Vijiti vilikuwa vinapita katikati ya bati. Alipiga kwa nguvu zaidi, jasho linamtoka, anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na hapakusikika chochote isipokuwa mie na Vuai na injini. Vuai akaacha kupiga. Akasahau hata kuomba samahani.

Bwana Hamdu akainuka. "Mwanangu," akamwita Mapengo kwa upole, akipaza sauti ishinde injini, "njoo nikunong'oneze. Ni jina jema. Tutakuzoea na utajizoea."

"Hapana, baba. Nishapewa jina. Mji mzima ulinipa."

"Lakini hilo halina aliyelitangulia! Nitauliza mara moja, kwa haki yako." Akaugeukia umati. "Jina hili analolitaka, nani amelitangulia? Nani atamtolea?"

Watu wakatazama miguu yao. Nani asimame aseme yeye ni mwanaharamu? Nami nilitaka kusimama, nakuapia, lakini mwenye jina la Pandu amejaa tayari, na uongo haupokelewi.

Ndipo Bi Zuwena akazima mashine.

"Hakuna aliyelitangulia," akasema. "Ila lina wa kulifuata. Mimi hapa."

Bwana Hamdu akapepesa macho. "Bi mkubwa, jina hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo."

"Nani kasema?"

Bwana Hamdu akafungua kinywa. Ukimtazama ungejua anamuuliza somo yake ndani, na somo anamuuliza wake, na wote hawajui. "Tumezoea tu," akakiri.

"Basi na hili mtalizoea. Ni lazima wawe wawili, sivyo? Yeye atoe, mie nipokee."

"Lakini utampoteza Zuwena! Heshima yako yote, bi mkubwa. Watu watakuitaje?"

"Wataniita hilo hilo."

Akapindua debe, akalikalia. Kisha akafumba macho akazungumza, si na sisi. "Bibi, nakuaga. Ulinifundisha kuimba nikipepeta, ukanifundisha kunyamaza nikiudhiwa. Sikukuchoka, sema nina mgeni na nyumba ni ndogo. Nenda ukapumzike." Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia kwa sauti. Bi Zuwena akasogeza kanga, sikio likawa wazi. "Njoo, mwanangu. Ninong'oneze."

Mapengo alisogea, akainama, akarudi nyuma.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kukutamkia neno lile. Wewe ni mama yangu. Nitakutukanaje sikioni?"

Hapo ndipo nilipomwelewa mtoto yule. Alilipigia kelele neno lile mbele ya harusi ya watu, alilichora kwa mkaa kwenye pipa, na sasa linamsimamia kooni kwa adabu. Kupitia bega lake mie nilikuwa naona ukuta.

"Umeutukana mji mzima bila kupepesa," Bi Zuwena akasema, "leo ndiyo umegundua una haya?"

"Wale sikuwapenda, mama."

"Nami nakuamrisha. Utakataa amri yangu? Mtoto gani wewe! Sema, kabla jua halijakumbuka kazi yake."

Mapengo akapiga magoti. Akaweka midomo kwenye sikio la yule mama, na akalisema. Hatukulisikia. Lilikuwa limetumika kutukana, limeimbwa, limepigiwa kelele, na sasa lilitamkwa pole pole, kwa mapenzi, na hakuna aliyelisikia isipokuwa aliyekusudiwa.

Bi Zuwena alikaa amefumba macho. Uso wake ulilegea, kisha ukashtuka. Vidole vyake vikaanza kugonga debe alilokalia, vinachelewa kidogo, vinasita, vinafika. Kisha akashika tumbo, akamtazama msichana kwa mshangao mkubwa.

"Mbona njaa inaniuma hivi?" akauliza. "Mwanangu, siku zote una njaa namna hii?"

"Siku zote, mama."

"Na hukuniambia! Kila siku nakuuliza umekula, unaniambia umekula!"

Akamvuta, akamkumbatia, wote wawili wanalia, na mie nikageuka nikajidai nafungua nyuzi za besi. Mwanamke mmoja kwenye foleni, aliyekuja kusaga tu na hana habari na lolote, akapaza sauti: "We msichana, hebu ondoa madebe yako njiani, watu tupite!" Mapengo akainua uso, macho yamemtoka.

"Kanisema!" akapiga kelele. "Mmesikia? Kanisema mimi!"

Vuai akamwomba radhi yule mwanamke, akaomba radhi kwa Bwana Hamdu, akaomba radhi kwa injini. Hakuwa na la kufanya kwa furaha.

Bendi ilikufa siku hiyo hiyo, na tuliiua sisi wenyewe. Watu husema tulipigwa marufuku. Si kweli. Tulipotaka kupiga tena, Vuai akashika kipaza sauti kututambulisha, akafika kwenye jina, akakwama. Lilikuwa sasa jina la mama yetu. Utalipigiaje kelele jina la mama yako mbele ya watu? Alinitazama, nikamtazama Mapengo, Mapengo akatikisa kichwa. Tukakusanya vyombo vyetu. Mapengo anapiga kwenye ngoma za wengine siku hizi, na bado anachelewa kidogo. Vuai ameoa. Mie hapa bado namwita yule mama kwa jina lake la zamani ili usipotee njia ukinisoma, lakini yeye mwenyewe haliitikii tena. Nyimbo za kupepeta zimemtoka. Anapepeta kimya, kisha ghafla anaugonga ungo kwa vidole na kucheka kama mwenye mapengo.

Juzi nilikuwa pale nimepeleka mahindi. Mapengo alikuwa ameketi kizingitini anakula muhogo. Akatokea bwana mmoja wa wale waliokuwa wakimtukana bombani, gunia begani, ametoka safari na hana habari. Alipomwona akakunja uso ule ule wa zamani.

"We mwanaharamu, nipishe nipite!"

"Abee, baba," sauti ya mtu mzima ikaitika kutoka ndani, na yule mama akajitokeza mlangoni akijifuta unga usoni, amenyooka na heshima yake yote. "Nani ananiita?"

Mtu yule alimtazama mama, akamtazama msichana, gunia likamteleza. Akatafuta pa kuweka mikono yake, akaikunja mbele.

"Shikamoo," akasema kwa sauti ndogo.

Yule mama hakujibu. Alimtazama somo yake chini pale kizingitini, akangoja, kwa sababu aliyelitangulia jina ndiye anayeanza.

Mapengo alimeza tonge la muhogo.

"Marahaba," akamjibu, na akasogea ili mtu apite.